Kitanda kimoja, wagonjwa watatu: nani alazwe wakati wa janga la homa ya mafua?

Swali:

Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, nasimamia kituo cha afya mkoani Tanga. Tuna vitanda 14, oksimita moja (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kwa asilimia) na mitungi miwili mikubwa ya oksijeni. Hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, mvua isiponyesha. Kwenye mafunzo ya kujiandaa na majanga tulipewa zoezi: homa ya mafua imeshika nchi nzima, umebakiwa na kitanda kimoja, na kwenye benchi wako watatu. Wa kwanza ni mzee wa miaka 71, ameanza kuumwa jana, joto 39.4, anapumua mara 20 kwa dakika, oksijeni 96. Wa pili ni kijana wa bodaboda, miaka 29, siku ya tano ya ugonjwa, joto 37.6, anapumua mara 28, oksijeni 88, anasema amechoka tu. Wa tatu ni mama mjamzito wa wiki 30, siku ya pili, joto 38.5, anapumua mara 24, oksijeni 95, na kwao ni mbali. Presha zao nzuri, wote wana akili timamu. Kikundi chetu kilitumia alama za CRB-65, zile za kupima ukali wa nimonia, tukamlaza mzee. Mkufunzi hakutoa jibu, alisema tujadiliane. Nimejadiliana mpaka nimechoka. Nani alazwe, na ninatakiwa kutazama nini hasa?

Jibu:

Marahaba tabibu. Kitanda ni cha kijana wa bodaboda, na mpira wa oksijeni ningemwekea kabla sijamaliza kuandika jina lake. Mama mjamzito harudi kwao usiku huo. Hata kama kitanda hakuna, anakaa mahali ambapo muuguzi anamwona, anaanzishiwa oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, kama ipo, na anapimwa upya baada ya saa chache. Mzee anarudi nyumbani na dawa ya kushusha homa, maelezo yaliyoandikwa, na mtu wa kumtazama. Kati ya watatu, kikundi chenu kilimlaza ambaye angeweza kukaa bila kitanda.

Sisemi hivyo kuwalaumu. Mlifuata alama mlizofundishwa, na alama hizo si mbaya, ila zilitengenezwa kwa kazi nyingine. CRB-65 na mwenzake CURB-65 zilichapishwa mwaka 2003 kutokana na wagonjwa wa nimonia wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi, wengi wao watu wa umri mkubwa. CRB-65 inahesabu vitu vinne: kuchanganyikiwa, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka, na umri wa miaka 65 kwenda juu. CURB-65 inaongeza kipimo cha urea kwenye damu. Sasa mpitishe kijana wako humo. Anapumua mara 28, haijafika 30, sifuri. Akili timamu, sifuri. Presha nzuri, sifuri. Miaka 29, sifuri. Jumla sifuri, yaani atibiwe nyumbani. Na oksijeni yake ni 88! Alama hizo hazina hata mahali pa kuiandika hiyo 88. Mzee naye kapata alama moja kwa sababu moja tu: kazaliwa zamani.

Kwa nimonia ya kila siku kasoro hiyo haijitokezi sana, kwa kuwa wanaozidiwa wengi ni wazee. Janga la homa ya mafua lina tabia nyingine. Kati ya Juni na Agosti 2009, majira ya baridi ya kusini, Australia na New Zealand zililaza wagonjwa 722 wa H1N1, mafua ya janga la mwaka ule, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Zaidi ya asilimia 92 walikuwa chini ya miaka 65. Wajawazito walikuwa 66, asilimia 9 hivi, wakati katika idadi ya watu wote wa nchi zile wajawazito ni kama asilimia moja. Zaidi ya robo walikuwa na unene uliopindukia. Wazee wengi walikuwa wamekutana utotoni na virusi vya ukoo ule ule, vilivyozunguka duniani kabla ya 1957, na kinga zao zilikuwa bado zinavikumbuka. Mwaka 1918 pia walizikwa vijana wengi wenye nguvu zao. Virusi vya janga lijalo vinaweza kuja na tabia yake, vikawarudia wazee au vikaelemea watoto, na wiki za mwanzo hakuna atakayejua. Ndiyo maana nakuomba umri usiwe swali lako la kwanza. Uje baadaye, kama nyongeza.

Uingereza walikuwa na kitu kinachokufaa zaidi wewe uliye mbali na maabara. Kwa ajili ya janga waliandaa orodha fupi ya dalili saba, ya watoto na watu wazima, na ukiwa na moja tu unapelekwa hospitali. Kupumua kwa shida inayoonekana kwa macho: kifua kubonyea chini ya mbavu, kuguna, kupumua kwa kelele mtu akiwa ametulia. Kupumua haraka kupita kiwango. Oksijeni 92 au chini. Kuchoka kupumua, au mtoto kusitisha pumzi. Kukaukiwa maji sana au mzunguko wa damu kudorora. Akili kubadilika, degedege, mtoto kulegea. Ya saba ni jambo lolote jingine linalomtia wasiwasi mtu anayemwona mgonjwa. Baadaye walipopitia mafaili ya waliolazwa mwaka 2009, orodha hiyo ilibashiri kuliko CURB-65 nani angeishia chumba cha mahututi au kufariki. Naipenda sana hiyo ya saba. Muuguzi wa miaka ishirini kazini akikuambia "daktari, huyu mimi simwelewi," hicho nacho ni kipimo. Rudi kitandani umwangalie mgonjwa upya.

Utaona kwamba homa haimo kwenye orodha. Haikusahauliwa. Homa inakuambia mwili unapigana, haikuambii nani anashindwa. Mzee wako ana 39.4 lakini anapumua vizuri, oksijeni 96, na siku ya kwanza au ya pili ya homa ya mafua joto la namna hiyo ni la kawaida. Kijana ana 37.6 na mapafu yake yanajaa. Mgonjwa akishushwa homa kwa paracetamol pale pale OPD anachangamka, ndugu wanafurahi, na wewe unashawishika kumruhusu. Mimi nilishawishika. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja ya wilaya, nilimruhusu mama mwenye ujauzito wa miezi saba usiku wa manane kwa sababu homa ilikuwa imeshuka na alikuwa anacheka na dada yake. Pumzi zake sikuzihesabu. Jioni iliyofuata walimrudisha kwenye pikipiki, wamemkalisha katikati, midomo imebadilika rangi. Alipona, mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake naye akapona. Ila lile faili lake nalikumbuka ukurasa kwa ukurasa: joto limeandikwa mara tatu, na nafasi ya pumzi ni tupu.

Kwa hiyo hesabu pumzi, na hesabu dakika nzima. Ukifungua rejista ukakuta 20 imeandikwa kwa wagonjwa kumi mfululizo, ujue hakuna aliyehesabu. Mtu mzima akijua unamhesabia hubadilisha pumzi bila kukusudia, kwa hiyo mshike mkono kama unapima mapigo, mkono wenyewe uulaze juu ya kifua chake, kisha tazama unavyopanda na kushuka. Mtoto mhesabie kwanza, kabla ya kipimajoto, kabla ya kumtoboa kidole, akiwa mapajani kwa mama yake na fulana imepandishwa. Akishalia, kazi imeharibika, subiri. Viwango unavijua: chini ya miezi miwili ni 60, miezi miwili mpaka mwaka ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Homa kali peke yake inaongeza kasi, hivyo mtoto mwenye 39 anayepumua haraka kidogo lakini ananyonya na kutazama huku na huku, mpe paracetamol umhesabie tena baada ya nusu saa. Kifua kinachobonyea hakingoji paracetamol.

Mtu mzima mwombe akusimulie alivyofika kituoni. Usimuulize maswali ya ndiyo na hapana, maana hata aliyezidiwa ana pumzi ya kusema ndiyo. Kijana wa bodaboda atakwambia, "Nimekuja... na mwenzangu... nimeshindwa kuendesha." Anakata maneno mawili matatu, anameza pumzi, anaendelea. Wako wanaomwambia mgonjwa ahesabu moja, mbili, tatu kwa pumzi moja na kuchukua idadi kama kipimo. Mimi naichukua kama ishara ya kuongezea, haitoshi kuwa sababu ya kumruhusu mtu.

Oksimita yako moja itunze kama jicho. Lakini ujue udhaifu wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mashine hizi zilikosa upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe: zinasoma juu kuliko ukweli uliomo kwenye damu. Kwetu sisi maana yake ni kwamba 92 au 93 kwa mtu anayeonekana kuhangaika usiipokee kama salama. Mama wa pwani mwenye piko vidoleni, jaribu kidole kisicho na rangi, na kama vyote vimepakwa, ndewe ya sikio. Mkono wa baridi upashe joto kwanza, subiri namba itulie, usichukue ya kwanza inayotokea. Kama uko nyanda za juu, mathalani Mbeya au Nairobi, namba ya mtu mzima kiafya huwa chini kidogo, basi jipime wewe na muuguzi wako mjue kawaida ya pale mlipo.

Mipaka ninayotumia ni hii. Chini ya 90 hakuna mjadala, ni oksijeni na kitanda. Kuanzia 90 mpaka 93 mgonjwa haondoki: nampumzisha, nampima tena, na kama anaweza kusimama namtembeza hatua arobaini au namwinua na kumkalisha kwenye kiti kwa dakika moja huku kifaa kiko kidoleni. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu hayana akiba, anabaki. Hilo la kutembeza tulilizoea wakati wa UVIKO-19, na kwa homa ya mafua nalitumia kwa tahadhari, kwa yule tu ambaye akiwa amekaa hana shida. Kuanzia 94 nageukia maswali mengine. Mjamzito nampandishia mpaka: sitaki kumwona chini ya 95, kwa kuwa anapumua kwa ajili ya wawili na tumbo limebana mapafu.

Maswali hayo mengine, la kwanza ni siku. Ameanza kuumwa lini? Usiulize "muda mrefu?", uliza siku yenyewe, ilikuwa Jumapili kanisani au Ijumaa baada ya swala, kisha andika tarehe kwenye daftari la mgonjwa. Oktoba 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba waliozidiwa walianza kubadilika kati ya siku ya tatu na ya tano, na wengi walishindwa kupumua ndani ya saa 24 tangu hali ilipoanza kuharibika. Mtu wa siku ya tano ambaye badala ya kupata nafuu anazidi kuchoka namwogopa kuliko wa siku ya kwanza anayetetemeka kwa homa. Na yupo mwingine wa kumwogopa: aliyepata nafuu siku mbili, akarudi kazini, kisha homa ikarudi na kikohozi chenye makohozi ya rangi au kichomi. Huyo mara nyingi kaingiliwa na bakteria juu ya virusi. Wataalamu waliochunguza upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu 1918 walikuta kwamba wengi waliokufa wakati ule walimalizwa na nimonia ya bakteria. Antibaotiki hazikuwepo. Wewe unazo, usichelewe kuzitoa.

La pili, mtu mwenyewe ni nani. Hapa ndipo umri unaingia, pamoja na ujauzito na wiki mbili baada ya kujifungua, mtoto chini ya miaka miwili, pumu, moyo, kisukari, figo, selimundu, utapiamlo, kifua kikuu cha sasa au kilichoacha makovu, na VVU, hasa asiyetumia dawa. Hali hizi peke yake hazimlazi mtu. Zinanifanya nimpe oseltamivir mapema, ndani ya saa 48 za mwanzo ikiwezekana, bila kungoja maabara, na zinanifanya nisiridhike upesi. Mwenye selimundu anayepumua mara 24 si sawa na mchezaji mpira anayepumua mara 24.

Juu ya maabara sitasema mengi. Vipimo vya haraka vya homa ya mafua vilikosa wagonjwa wengi mwaka 2009, hivyo kipimo kikisema hana wakati dalili anazo, amini dalili. Kinachotusumbua zaidi huku kwetu ni malaria. Tanga utampata mtoto mwenye homa, kipimo cha malaria kimesoma, anapewa dawa mseto, mama anaondoka, na hakuna aliyefunua kifua. Vimelea anaweza kuwa navyo siku zote na kisichompa pumzi kikawa kitu kingine kabisa. Malaria ikisoma, itibu, halafu hesabu pumzi kana kwamba haikusoma. Na watoto wasipewe aspirini kwa homa ya mafua, hata kama duka la jirani linaiuza kwa vidonge viwili viwili. Inaweza kuharibu ini na ubongo.

Sasa turudi kwenye kitanda chenyewe. Wakati wa janga mimi najiuliza: huyu anahitaji kitu gani ambacho nyumbani hakipo? Majibu ya kweli ni machache: oksijeni, dawa au maji ya mshipani kwa asiyeweza kumeza, na macho ya mtu anayejua kuona mabadiliko. Kama hakuna hata moja, kumlaza si kumsaidia, na kunaumiza wengine, maana wodi yako ni hiyo hiyo wanakolala mtoto wa utapiamlo na mzazi wa jana. Kumlaza mtu mwenye mafua mepesi "kwa uangalizi tu" ni kuupitisha ugonjwa mlango wa wodi ya wazazi.

Oksijeni ipigie hesabu ya shilingi. Kama mtungi wenu ni ule mkubwa wa lita 6,800, mtu mzima anayevuta lita 5 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 1,360, yaani karibu saa 23. Mitungi miwili ni siku mbili pungufu, kwa mgonjwa mmoja. Mtoto anayevuta lita moja angekaa nao zaidi ya siku nne. Kijana wako wa bodaboda basi umlaze, ndiyo, lakini simu ya hospitali ya wilaya uipige saa ile ile unapofungua mtungi. Kituo chako kinamnunulia muda tu. Mpeleke angali anaongea, mchana, njia ikipitika, akiwa ameshapata dozi ya kwanza ya antibaotiki na oseltamivir, na oksijeni iwe ndani ya gari. Lenga afike 90 kwenda juu, mjamzito 92 mpaka 95. Kumfungulia lita 10 ili asome 100 ni kumaliza mtungi wa mgonjwa anayefuata.

Dripu ina somo lake, na somo limetoka hapa hapa nyumbani. Utafiti wa FEAST uliotolewa mwaka 2011 ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika na homa kali na mzunguko wa damu ulioharibika. Hospitali ya Teule pale Muheza ilikuwa mojawapo ya vituo. Waliopewa maji mengi ya haraka mshipani walikufa zaidi: ndani ya saa 48 walifariki kama asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakupewa. Kwa hiyo mtoto wa homa ya mafua anayepumua kwa shida usimmiminie dripu kwa kuwa mikono ni ya baridi na ndugu wanataka kuona chupa imening'inia. Anayeweza kumeza, anywe kidogo kidogo. Asiyeweza, mpe taratibu ukimhesabia pumzi. Na deksamethasoni tuliyoizoea kwenye UVIKO-19 usiihamishie huku. Kwa homa ya mafua haijaonyesha faida hiyo, na kuna wasiwasi kwamba inadhuru. Mwenye pumu iliyobana atapata dawa yake ya pumu kama kawaida.

Anayerudi nyumbani naye ni mgonjwa wako bado. Kabla sijamruhusu nauliza nani analala naye chumba kimoja, kama kuna simu yenye chaji, na usiku wa manane atafikaje. Anayekaa peke yake, au ambaye mto ukijaa hapiti, namhesabu mbali hata kama ramani inasema kilomita sita. Nikimaliza namwambia anayemuuguza, si mgonjwa, maana mgonjwa anachotaka ni kwenda kulala. Namwambia arudi mbio akiona pumzi zinakwenda haraka au mbavu zinaonekana, akikataa kunywa au asipokojoa tangu asubuhi mpaka jioni, akianza kuongea visivyoeleweka au kushindwa kuamshwa, na homa ikirudi baada ya kuwa imeondoka. Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "nimeelewa daktari" bila kurudia, hajaelewa, naanza upya. Siku ya tatu mpaka ya sita ndizo za kupiga simu au kumtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite. Ndiyo sababu tarehe ya kuanza kuumwa niliisisitiza.

Utafika usiku ambao wenye sifa ya kitanda watakuwa wengi kuliko vitanda. Hapo usiamue peke yako. Kaeni wawili, wewe na muuguzi wa zamu, andikeni sababu kwa kila mmoja, na vigezo viwe vile vile kwa wa homa ya mafua na asiye nayo, kwa mtoto wa diwani na kwa asiyefahamika. Usitafute namba ya kukutolea hukumu ya nani aachwe. Mwaka 2009 Uingereza walijaribu kwenye wagonjwa wao kanuni iliyotegemea alama za SOFA, zinazopima viungo vya mwili vimeshindwa kazi kiasi gani, wakaona ingewanyima mashine ya kupumulia watu ambao walikuja kupona. Mara nyingi kitanda kinachotafutwa kimo wodini tayari. Zunguka asubuhi na jioni, ukiuliza kila aliyelala bado anapata nini asichokipata nyumbani. Aliyekaa siku nzima bila oksijeni akabaki na namba nzuri, anakula, anakwenda chooni mwenyewe, huyo anaruhusiwa jioni hiyo. Hangoji kesho kwa sababu tu kuruhusu wagonjwa ni kazi ya asubuhi.

Mama yule wa wiki 30, ungeniuliza kwa nini simwachii akiwa na 95. Ni siku yake ya pili. Siku ya tatu mpaka ya tano bado ziko mbele yake, pumzi 24 zimeanza kupanda, na kwao ni mbali. Mtafutie godoro chumba cha kliniki ya wajawazito ambacho usiku hakitumiki, dirisha wazi, barakoa usoni, alale kwa ubavu wa kushoto. Mpime saa nne usiku, saa nane na alfajiri. Ikifika 94 au pumzi zikikaribia 30, anapanda gari moja na kijana wa bodaboda. Akiamka anadai chai na pumzi zimeshuka, zungumza naye akae kwa ndugu aliye karibu na kituo mpaka siku ya sita ipite.

Mzee naye mpe namba yako ya simu. Mwandikie kwenye daftari tarehe aliyoanza kuumwa, mwambie mwanawe ampe maji, uji na paracetamol, na umpigie kesho kutwa.

Jambo moja ufanye wiki hii, kabla ya janga lolote. Nenda kwenye ile mitungi miwili, ifungue, tazama geji inasoma ngapi, na uulize spana ya kuifungulia inakaa kwa nani usiku.